Takwimu za kaunti zinasaidia, lakini zinaishia mlangoni kwa gavana

Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 143,906 kwenye kaunti ndogo ya Ganze, huku kwetu Kilifi. Lamu, kaunti nzima, ilikua na watu 143,920. Tofauti ni watu 14 tu. Lamu iko na gavana wake, bunge lake, mawaziri wake, na mwaka wa fedha wa 2021/22 mgao wake kutoka kwa serikali kuu ulikua kama shilingi bilioni 3.1. Ganze haina mgao, ni kipande cha Kilifi, na Kilifi mwaka huo ilipata bilioni 11.6 za kugawana watu 1,453,787. Ukipiga hesabu kwa kichwa bila kuangalia kitu kingine chochote, fungu la Ganze linakuja kama bilioni 1.15, na hapo bado hujatoa mishahara ya makao makuu.

Silaumu Lamu hata kidogo, watu wa Lamu wana visiwa, mgonjwa anatolewa Faza kwa boti, mafuta ya boti ni ghali, na kule bara upande wa Boni usalama umesumbua miaka mingi. Kuendesha serikali pale ni gharama ambayo huwezi kuigawa kwa vichwa. Ninachosema ni kwamba hizi namba mbili, ukiziweka pamoja, zinaonyesha kitu ambacho jedwali la kaunti 47 haliwezi kukuonyesha hata ulisome mara ngapi: kwamba mstari wa mpaka ndo unaamua umaskini wako utahesabiwa ama utamezwa ndani ya wastani wa wengine.

Sasa kuna watu wawili wanabishana sana kuhusu hii mambo ya data na wote wana hoja. Mmoja anasema tuongozwe na takwimu za kila eneo, watu wangapi, maskini wangapi, uchumi wa kiasi gani, na pesa zifuate hapo. Mwingine anasema hizo takwimu zenyewe ni siasa, zimepikwa ama zimepitwa na wakati, na wastani unaficha watu. Mimi nadhani wa kwanza ana haki kuliko tunavyompa, ila anasimama mapema mno.

Tuanze na yeye. Kabla ya ugatuzi pesa za maendeleo Kenya zilikua zinagawanywa vipi? Ule waraka wa serikali nambari 10 wa 1965, ambao watu wa uchumi hawachoki kuutaja, ulisema wazi kwamba pesa ziwekwe mahali zitaleta ongezeko kubwa zaidi la mazao, yaani penye ardhi nzuri, mvua, reli na barabara tayari. Ukisoma hivi unaona ni kama busara ya biashara. Lakini matokeo yake ni kwamba aliyekua nacho aliongezwa, na kaskazini yote pamoja na bara ya Pwani wakaambiwa wangoje. Alafu juu ya hapo kukawa na siasa ya mkoa gani umepigia nani kura. Hakukua na jedwali la kumwekea waziri mezani ukamwambia hapa umekosea.

Katiba ya 2010 ilibadilisha hilo. Kifungu cha 203 kinasema kaunti zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na kifungu cha 217 kikaipa Seneti kazi ya kupitisha fomula ya mgao kila miaka mitano. Fomula inataka namba, na namba zikaanza kutafutwa kwa bidii. Utafiti wa matumizi ya nyumba wa 2015/16 ukaja na kiwango cha umaskini cha kila kaunti na picha ikatoka uchi kabisa: taifa asilimia 36.1, Nairobi 16.7, Nyeri 19.3, Mandera 77.6, Turkana 79.4. Huku Pwani Mombasa ilikua 27.1, Kwale 47.4, Tana River 62.2. Hakuna hotuba ya mwanasiasa ingefanya kazi ya hizo namba. Mtu wa Turkana hakuhitaji tena kulia, aliweka karatasi mezani.

Na usidharau kazi ya sensa peke yake, hata kabla hujafika kwa pesa. Wastani wa watu kwa nyumba Kenya 2019 ulikua 3.9. Nairobi 2.9, Mandera 6.9. Fikiria hapo tu maana yake. Nyumba mbili zina mshahara uleule wa elfu ishirini, moja inagawa kwa watu watatu nyingine inagawa kwa saba, na hao saba wengi ni watoto wanaotaka karo, chanjo na chakula na hakuna anayeleta kitu. Ukipanga madarasa na zahanati bila hiyo habari unapanga gizani.

Sasa yule wa pili. Kelele kubwa ilikua 2020, wakati Seneti inajadili fomula ya tatu. Kulikua na ile kauli ya mtu mmoja, kura moja, shilingi moja, yaani pesa zifuate idadi ya watu. Sisi wa Pwani tulikasirika sana, manake mapendekezo ya mwanzo yalikua yanakata Kilifi, Kwale, Mombasa, Tana River, pamoja na kaunti za Kaskazini Mashariki, na kuongeza Kiambu, Nakuru, Uasin Gishu na Nairobi. Ilifika mahali Agosti mwaka huo maseneta watatu wakakamatwa na polisi siku moja. Lakini ukiacha hasira pembeni, watu wa Kiambu walikua wanasema nini hasa? Angalia: 2021/22 Kiambu ilipata bilioni 11.7, Kilifi 11.6. Karibu sawa. Ila Kiambu ina watu 2,417,735, karibu milioni moja zaidi yetu. Kwa kichwa ni kama shilingi 4,850 kwa Kiambu na 8,000 kwa Kilifi. Mama anayejifungua kwenye hospitali iliyojaa huko Thika hajali kwamba kaunti yake ni tajiri kwenye jedwali, anajali kitanda. Hiyo ni hoja ya kweli na sisi wenye kufaidika na fomula tunafaa tuijibu kwa heshima.

Jibu langu ni kwamba kichwa kimoja hakigharimu sawa kila mahali. Kuchimba kisima cha kuhudumia watu mia tano Ganze, ambako nyumba zimetawanyika na maji yako chini sana na mara nyingi yana chumvi, si sawa na kuongeza bomba kwenye mtaa wa Ruiru. Na Kiambu iko na kitu ambacho mgao hauonyeshi, iko kando ya Nairobi, watu wake wanapata kazi, hospitali za kibinafsi, barabara kuu zilizojengwa na serikali kuu. Nairobi yenyewe ina kama asilimia 9 ya watu wa Kenya lakini inatoa zaidi ya robo ya pato lote la taifa. Hiyo faida inamwagikia majirani, haifiki Bamba kule Ganze.

Ile vita iliisha Septemba 2020 kwa maafikiano kwamba hakuna kaunti itakatwa, fomula ianze kutumika baada ya mgao wa kaunti zote kufika bilioni 370. Kwa ile sehemu ya fomula mpya, idadi ya watu ikapewa uzito wa asilimia 18, umaskini 14, fungu la usawa, lile ambalo kila kaunti inapata sawa, 20, afya 17, na mengine. Mwaka 2025 Seneti ikapitisha fomula ya nne na hapo idadi ya watu ikapanda hadi 45, fungu la usawa 35, umaskini ukashuka hadi 12. Tume ya ugavi wa mapato ilikua imependekeza pia kipimo cha kuangalia uchumi wa kaunti uko nyuma kiasi gani ukilinganisha na wengine, ili waliobaki nyuma waongezwe. Seneti ikakiacha.

Mimi nimekua na mawazo mawili kuhusu hicho kipimo. Kwa upande mmoja kinasema ukweli kwamba umaskini wa watu na udhaifu wa uchumi wa mahali ni vitu viwili tofauti na vyote vinafaa kupimwa. Kwa upande mwingine pato la kaunti ni namba ya hatari sana. Chukua Mombasa. Bandari iko Mombasa, kwa hivyo thamani ya kazi ya bandari inaandikwa Mombasa, lakini faida haikai hapo, inaenda hazina na kwa makampuni ambayo makao yao yako kwingine. Alafu kila asubuhi watu wanatoka Mtwapa ya Kilifi, wanatoka Likoni upande wa kusini na wengine wanatoka hadi Kwale kabisa, wanaingia kisiwani kufanya kazi. Wale wa Mtwapa na Kwale jasho lao linahesabiwa kwenye pato la Mombasa, lakini usiku wanalala kaunti nyingine, na sensa inakuhesabu pale ulipolala. Ukigawa pato kwa watu, Mombasa inaonekana tajiri kuliko ilivyo, na Kilifi na Kwale maskini wa kazi kuliko zilivyo. Muulize kijana wa Changamwe kama huo utajiri wa kwenye karatasi ameuona.

Kwale pia ni mfano mzuri. Ule mgodi wa titanium ulisafirisha madini kuanzia 2014 hadi uchimbaji ulipoisha Desemba 2024. Kwa miaka kumi pato la kaunti lilibeba madini hayo, na ni kweli kulikua na ajira na shule na zahanati zilijengwa pale karibu. Lakini mtu aliyesoma pato la Kwale peke yake hangejua kama mkulima wa Kinango amepanda daraja ama la. Namba ya uchumi inakuambia nini kimetoka kwenye ardhi, haikuambii kimeingia mfuko wa nani.

Turudi kwa sensa maana hapo ndo kuna kidonda. Mandera 2009 ilihesabiwa watu 1,025,756. Mwaka 2019 ikahesabiwa 867,457. Kaunti yenye nyumba za watu karibu saba, ikapungua? Lakini pia matokeo ya 2009 yalikua na shida, mwaka 2010 waziri wa mipango alifuta matokeo ya wilaya nane, za Mandera, Wajir, Garissa na Turkana, akisema ongezeko haliendani na uzazi na vifo, na kesi zikafuata. Alafu Januari 2025 Mahakama Kuu Garissa ikafuta matokeo ya 2019 ya kule Kaskazini Mashariki na kuagiza watu wahesabiwe tena. Kwa hivyo mara mbili mfululizo, namba inayobeba uzito mkubwa kwenye fomula imeishia kortini. Mwenye kushuku hapa ana haki kabisa. Ukifanya idadi ya watu kua pesa, kila kiongozi atataka watu wake waongezeke kwenye karatasi, na wafugaji waliovuka na mifugo usiku wa kuhesabu watapotea kwenye karatasi, na yote mawili yanaweza kutokea kaunti moja kwa wakati mmoja.

Ila sikubaliani na wale wanaotoka hapo wakasema basi tuache takwimu. Ukiacha takwimu unarudi kwa nani? Kwa yule aliye karibu na ikulu. Mandera inaweza kwenda kortini na kubishana namba kwa sababu namba ipo. Enzi ile ya waraka wa 1965 hakukua na hata cha kubishania.

Shida ambayo mimi naiona kubwa kuliko hizi zote haizungumziwi sana kwa sababu haina seneta wa kuipigia kelele. Ni kwamba data ya umaskini inafika kaunti inasimama. Ule utafiti wa 2015/16 ulipanga kufikia nyumba 24,000 nchi nzima. Gawanya kwa kaunti 47, unapata kama nyumba 510 kwa kila kaunti. Nyumba 510 zinatosha kukuambia kitu kuhusu Kilifi kwa jumla, lakini hazikuambii chochote cha kuaminika kuhusu Ganze ukilinganisha na Watamu, na ukishuka hadi wadi ndo kabisa, kuna wadi hazikuguswa. Lamu ilitoka asilimia 28.5, chini ya wastani wa taifa. Hiyo ni Lamu gani, ya Mpeketoni kwenye mashamba, ya mjini kwa wageni, ama ya Kiunga kule mpakani?

Na hata hiyo nyumba moja iliyoguswa, angalia inavyopimwa. Mstari wa umaskini ulikua shilingi 3,252 kwa mtu kwa mwezi vijijini na 5,995 mijini. Ya kijijini ni kama shilingi 108 kwa siku, na hapo ndani kuna unga, mafuta ya kupikia, sabuni, nauli, dawa, kila kitu. Aliyefika shilingi 110 ametoka kwenye umaskini, kwenye jedwali. Mvuvi wa Ngomeni akihojiwa wakati wa kaskazi samaki wapo, nyumba inakula vizuri, anaandikwa vizuri. Huyohuyo akihojiwa wakati wa kusi, bahari imechafuka na vidau vimevutwa juu, ni mtu mwingine. Utafiti ulienda mwaka mzima ili kusawazisha misimu, na kwa taifa inasaidia, lakini kwa kijiji kimoja kilichotembelewa mara moja huwezi kusawazisha kitu.

Kuna namba nyingine ya kukaa nayo. Ripoti ya 2013 ya shirika la takwimu la taifa pamoja na SID, shirika la kimataifa la maendeleo, ilipima kipimo cha Gini kwa kaunti, kile ambacho sifuri ni watu wote sawa na moja ni mtu mmoja amechukua vyote. Turkana ilitoka 0.283, chini kabisa, kwa sababu karibu wote ni maskini. Tana River ilitoka 0.617, Kwale 0.597, Kilifi 0.565, juu kabisa nchini. Hapo ndo Pwani yetu inaonekana ilivyo. Sisi si maskini wote sawa, sisi ni mahali ambapo mwenye hoteli na uwanja wa gofu pale Vipingo na mwenye kuchoma makaa Ganze wanaandikwa kwenye mstari mmoja wa jedwali, wanajumlishwa, wanagawanywa, na inatoka namba moja ambayo si ya yeyote kati yao.

Na chanzo chake hakimo kwenye jedwali lolote kati ya haya. Ni ardhi. Tangu ile sheria ya hati za ardhi ya 1908 ya huku mwambao, Mijikenda wengi hawakuandikishiwa walipokaa, ardhi ikaenda kwa wenye madai waliotambuliwa ama kwa serikali, na mpaka leo kuna familia za vizazi vitatu vinne wanaitwa maskwota kwenye shamba alilozaliwa babu. Utafiti wa matumizi unauliza umekula nini wiki iliyopita. Hauonyeshi kama unaweza kufukuzwa mwezi ujao. Nyumba mbili zenye matumizi sawa, moja ina hati na moja haina, haziko sawa hata kidogo, ya kwanza inaweza kupanda mikorosho na kungoja miaka, ya pili itapanda mahindi ya msimu na kuombea mvua.

Watu wakiniuliza kama hizi pesa zinazofuata data zimesaidia, jibu langu linavunja moyo kidogo. Turkana inapata mojawapo ya migao mikubwa zaidi, zaidi ya bilioni 12 kwa mwaka, na ripoti ya umaskini ya 2022 ikaiweka asilimia 82.7. Taifa likawa 39.8. Wapinzani wa data wanashika hapo, wanasema mmepeleka pesa miaka kumi na umaskini hata umepanda. Naona wanakimbia sana. Tafiti hizo mbili hazikufanywa kwa njia ileile, katikati kulikua na korona, na ukame wa 2020 hadi 2022 uliua mifugo ambayo ndo benki ya Mturkana. Pia pesa ya kaunti ikijenga wodi ya wazazi haionekani kwenye kipimo cha matumizi ya nyumba. Lakini hata ukiondoa hayo yote bado swali linabaki, zile bilioni zilitua wapi ndani ya Turkana? Lodwar mjini ama Kibish mpakani? Na hatuwezi kujibu, kwa sababu tulipima umaskini kwa kaunti na tukagawa pesa kwa kaunti.

Huyu gavana wetu, na simsemi mmoja, wote waliopita na watakaokuja, anaenda Nairobi na umaskini wa Ganze na Magarini mkononi kuombea mgao mkubwa. Akirudi na pesa hakuna sheria ya kifungu cha 217 inayomfunga kuzigawa kwa wadi kwa kipimo kilekile alichotumia kuziombea. Zinagawanywa kwa siasa ya bunge la kaunti, na mara nyingi kila wadi inapewa kiasi sawa cha maendeleo ili MCA wote, wale wajumbe wa wadi, wanyamaze. Usawa wa wadi unaonekana kama haki. Lakini wadi ya mjini yenye maji na lami ikipata sawa na ile ambayo wanawake wanatembea asubuhi nzima hadi kwenye lambo, pengo linabaki palepale lilipokua.

Mfano wa kwenda chini zaidi upo. Hazina ya usawazishaji ya kifungu cha 204, ile ya nusu asilimia ya mapato ya taifa, mwanzo ililenga kaunti 14 zilizoachwa nyuma. Sera ya pili ikaacha kuangalia kaunti nzima, ikatambua maeneo madogo 1,424 kwenye kaunti 34, kwa sababu waligundua kwamba kuna watu walioachwa nyuma hadi ndani ya kaunti zinazoitwa tajiri. Pesa zake zimechelewa vibaya, hilo kila mtu analijua, lakini namna ya kuangalia ni sahihi na sioni sababu bunge la Kilifi lisiige kesho. Sensa inatoa idadi ya watu hadi kata ndogo, tena ilikusanya na habari za maji, choo, umeme na paa la nyumba. Si kipimo cha pesa, lakini kwa kupanga wadi ipi ianze inatosha kabisa, na haihitaji utafiti mpya wala mshauri wa kulipwa. Inahitaji mtu kwenye kikao cha bajeti asimame aombe lile jedwali la kata ndogo liwekwe mbele pamoja na orodha ya miradi ya miaka mitano iliyopita, wadi kwa wadi, na aandikiwe kwenye kumbukumbu kwamba ameomba. Fomula ya nne inatumika hadi 2029/30 na bado inahesabu watu wa 2019, kwa hivyo kwa mgao wa Nairobi hatuna cha kubadilisha hivi karibuni. Mgao wa ndani ya Kilifi unaandikwa kila mwaka.